Revit, ArchiCAD, SketchUp au Bonsai? Zilinganishe kwa mambo madogo

Ukisoma matangazo ya programu za kusanifu majengo, zote zinaweza kila kitu. Zinasimamisha ukuta, zinatoboa dirisha, zinakata mkato (mchoro wa jengo kama limepasuliwa kwa kisu), zinahesabu milango na kuipanga kwenye jedwali. Kwa vigezo hivyo huwezi kuchagua. Kinachokuja kukuudhi au kukufurahisha baada ya mwezi wa kazi ni mambo ambayo hakuna anayeyatangaza: kona ya kuta inafungaje, faili ya mwenzako inafunguka au inagoma, mstari mfupi unakubaliwa au unakataliwa, na ukigusa kile kitufe kirefu cha nafasi kinatokea nini.

Ninazilinganisha nne: Revit ya Autodesk, ArchiCAD ya Graphisoft, SketchUp ya Trimble, na Bonsai, ile ya bure inayokaa ndani ya Blender, programu ya kuchora maumbo ya pande tatu na katuni (hadi 2024 ilikuwa ikiitwa BlenderBIM). FreeCAD, nyingine ya bure, itatajwa njiani. Sizipangi kwa ubora, maana ubora wenyewe unategemea unachora nini na unamkabidhi nani.

Kitufe cha nafasi

Hiki kinatosha kukuonyesha tabia ya kila moja. Kwenye Revit, ukiwa umeshika mlango, kila ukibonyeza kitufe cha nafasi mlango unageuka: ufunguke kushoto, kulia, ndani, nje. Ukishika ukuta, upande wa nje unakuwa wa ndani. Ukishika kiti kabla ya kukiweka, kinazunguka nyuzi 90. Kwa anayepanga milango siku nzima, kitufe hiki kinaokoa mibofyo isiyohesabika.

Kwenye ArchiCAD, kitufe hichohicho ukikishikilia kinakuwa fimbo ya ajabu, na ndivyo wenyewe wanavyoiita. Chukua zana ya slabu, shikilia kitufe, bofya katikati ya chumba: slabu inajaa mpaka kwenye kuta, pamoja na kila kona na kila tao. Hakuna kufuata mzunguko nukta kwa nukta. Ukiniuliza kipi kati ya vitu vidogo vya ArchiCAD ningekikosa zaidi, ni hiki.

SketchUp inakitumia kurudi kwenye mshale wa kuchagua, basi. Ndani ya Blender kinaanzisha katuni, kwa hiyo ukikigusa kwa mazoea ya kwingine unaona namba za fremu zinakimbia chini ya skrini na nyumba imetulia palepale. Kinaweza kubadilishwa kwenye mipangilio, na anayehamia Bonsai akitoka programu nyingine afanye hivyo siku ya kwanza.

Faili ya mwenzako

Hili ningeliangalia kabla ya yote. Revit hutoa toleo jipya kila mwaka, nalo hubeba jina la mwaka unaofuata. Faili ya toleo la nyuma ikifunguliwa na jipya inapandishwa, na ikishapanda haishuki. Hakuna amri ya kuihifadhi kwa toleo la zamani. Mhandisi akiwa na 2023, nawe ukafungua faili ya pamoja kwa 2025 na kuihifadhi, umemfungia nje. Kilichobaki ni nakala ya akiba, kama ipo. Ndiyo maana utakuta kompyuta moja ya ofisi ina matoleo matatu ya Revit, na mradi ulioanza na toleo fulani unamalizikia humo humo. Si uchakavu wa ofisi, ni tahadhari.

ArchiCAD ina huruma kidogo. Inakubali kuhifadhi toleo moja nyuma, mathalani 27 kwenda 26. Ukitaka kurudi nyuma zaidi unashuka ngazi kwa ngazi, na kila ngazi inahitaji toleo lake liwe kwenye kompyuta. Vilivyoongezwa kwenye toleo jipya usitegemee vitafika salama.

SketchUp ndiyo iliyoumaliza ugomvi huu. Tangu toleo la 2021 umbo la faili limefanywa moja, ili toleo hilo na yanayofuata yafunguliane bila kuhifadhi upya. Bonsai nayo haina faili yake ya pekee: inaandika IFC moja kwa moja, ule muundo wa wazi uliowekewa kiwango cha ISO 16739. Faili ya IFC ni maandishi. Ifungue kwa kihariri chochote cha maandishi utaona mistari inayoanza na alama ya #, ukuta huu una jina hili, uko kwenye ghorofa hii, malighafi yake ni ile. Faida yake haionekani mpaka siku unapotaka kujua nani alibadilisha nini kati ya jana na leo, kwa sababu maandishi yanaweza kulinganishwa mstari kwa mstari kama waandaaji wa programu wanavyofanya na msimbo wao.

Ila usiichukulie IFC kama daraja la kupitisha kila kitu. Ukuta uliozaliwa ArchiCAD ukiingia Revit kwa njia hiyo, mara nyingi unafika kama umbo lililoganda. Unauona, unaupima, unaukata kwenye mkato, lakini ukitaka kuuvuta urefu au kuuongezea lipu haukusikilizi. IFC inafaa kumwonyesha mtu kazi yako, haifai kumkabidhi aiendeleze.

Kona za kuta

Chukua ukuta wa tofali wa mm 150 wenye lipu ya mm 15 kila upande, ugonge ubavuni ukuta wa zege wa mm 200. Kwenye jengo lenyewe fundi hana swali: zege inapita moja kwa moja, tofali linaishia kwenye zege, lipu inakata kona. Programu lazima iambiwe.

ArchiCAD inaambiwa kwa namba. Tangu toleo la 17, la mwaka 2013, kila malighafi ina nguvu yake kati ya 0 na 999, na penye makutano yenye nguvu inaikata dhaifu. Ipe zege 900, tofali 600, lipu 200, na mradi mzima unatii: kwenye ramani, kwenye mkato, kwenye modeli, ukuta kwa ukuta na ukuta kwa slabu. Unaweka mara moja, basi. Michoro ya mikato hutoka karibu imekamilika, na hili peke yake linaeleza kwa nini waliozoea ArchiCAD hawahami kirahisi.

Lakini ina vikwazo vyake viwili ambavyo mgeni hawezi kuvikisia. Kwanza, kila ukuta una mstari wa rejea, na mistari hiyo isipokutana, kona haifungi hata kama kuta zenyewe zinaonekana zimegusana. Pili, kila leya, yaani fungu la kupangia vitu vya mchoro, ina namba yake ya makutano. Vitu vilivyo kwenye leya zenye namba tofauti havikatani, na leya yenye namba 0 haikatani na chochote. Mtu anaweza kumaliza mchana akizungusha nguvu za malighafi, kumbe tatizo liko kwenye orodha ya leya na linasubiri tarakimu moja tu.

Revit inapanga kwa kazi ya tabaka ndani ya ukuta: namba 1 ni muundo, 5 ni umaliziaji wa mwisho, na muundo hupita kwanza. Ni mpango rahisi kuuelewa, ila ni mkavu, kwa sababu tabaka mbili zenye kazi moja hazina mkubwa wala mdogo. Na ukitoka kwenye ukuta kwa ukuta ukaenda ukuta kwa sakafu au sakafu kwa boriti, mara nyingi unaunganisha kwa mkono, kisha unakuta aliyekatwa ndiye aliyepaswa kukata, unageuza zamu. Jengo la ghorofa kumi lina makutano mengi ya namna hiyo.

Revit ina jibu lake zuri mahali pengine: ile nukta ndogo kwenye ncha ya ukuta. Bofya kulia, ukataze muungano, na ukuta unaacha kumrukia jirani. Penye kiungo cha kutanukia, ambapo kuta mbili zinatakiwa zikaribiane bila kushikana, hiyo ndiyo dawa.

SketchUp haina ukuta, ina nyuso. Nyuso zikigusana zinanatana, na ukisogeza mmoja unavuta na mwingine. Wengi huiita kasoro, lakini ndivyo ilivyoundwa tangu ilipotoka mwaka 2000, na ndiyo inayofanya kuvuta na kusukuma umbo kuwa rahisi hivyo. Kanuni ya kuishi nayo ni kufunga kila kipande kwenye kundi lake kabla ya kuanza kingine. Asiyetaka kuishika kanuni hiyo asianze nayo.

Duara lenye pande 24

Tukiwa bado kwa SketchUp: duara lake si duara. Ni umbo la pande 24 usipolibadilisha, na nusu kipenyo kinapimwa hadi kwenye kona, kwa hiyo pande zote zinakaa ndani ya duara la kweli. Eneo linapungua kwa asilimia 1.1 hivi. Kwa picha haina maana. Kwa hesabu ya zege ina maana kidogo: nguzo ya nusu kipenyo cha mm 200 na urefu wa mita 3 ina mita za ujazo 0.377, SketchUp itakwambia 0.373. Nguzo 40 za namna hiyo zinaficha karibu mita za ujazo 0.17.

Ukichukua zana ya duara, andika 96s kisha Enter kabla ya kuchora, na upungufu unashuka hadi asilimia 0.07. Usiifanye hivyo kwa kila kitasa cha mlango, modeli itakuwa nzito bila sababu. Revit inahifadhi duara kama duara. Bonsai inakuonyesha pande kwenye skrini kwa sababu Blender ndivyo inavyochora, lakini nguzo iliyotengenezwa kwa umbo la mkato wa duara imeandikwa ndani ya IFC kwa nusu kipenyo chake, na hicho ndicho kinachosafiri.

Ndogo mno, mbali mno

Revit haikubali mstari mfupi kuliko mm 0.8 hivi. Inaonekana ni upuuzi mpaka uingize mchoro wa mtengenezaji wa fremu za alumini, uliojaa vikona vya nusu milimita, na onyo linakuja juu ya onyo. SketchUp inavumilia zaidi, lakini nukta mbili zilizo karibu kuliko mm 0.025 inazihesabu moja, kwa hiyo vitu vidogo vyenye mikunjo vinabaki na matundu. Wazoefu hukikuza kitu mara 1000, wakakichora, kisha wakakirudisha.

Upande wa pili ni umbali. Ramani ya mpimaji ardhi huja na majiranukta halisi (namba za mahali), ambapo kiwanja kinaweza kuwa mamia ya kilomita kutoka sifuri. Revit inataka kazi ikae ndani ya kilomita 16 kutoka kitovu chake na inakuonya waziwazi ukizidi. SketchUp inanyamaza, ila mistari inaanza kutetemeka na nyuso kumetameta ukikaribia. Mimi namchagua anayelalamika. Kwa programu yoyote kati ya hizi, sogeza kiwanja karibu na kitovu na uandike tofauti hiyo mahali timu nzima inapaona.

Kitu kimepotea

Umeweka boriti na haionekani. Kwenye Revit sababu zinaweza kuwa nyingi: kimo cha mkato wa ramani, aina ya kitu imezimwa, kichujio, awamu ya ujenzi, kiolezo cha mwonekano, fremu ya kupunguza mchoro. Ni adhabu, ila imewekewa balbu. Chini ya dirisha kuna kitufe chenye umbo la balbu. Ukikibonyeza, mpaka wa mchoro unageuka rangi na vilivyofichwa vinajitokeza, na unaweza kukirudisha kimoja kimoja. Balbu haifichui kilichokatwa na kimo cha mkato, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Ikikosa jibu, fungua modeli ya pande tatu: kitu kikiwepo huko, tatizo ni la ramani yako, si la kitu.

ArchiCAD inakupeleka kwanza kwenye leya, kisha ghorofa ya nyumbani ya kitu hicho na ghorofa kinazoruhusiwa kuonekana, kisha kichujio cha ukarabati. Sababu ni chache kidogo, ila unazitembelea mwenyewe.

Dada wa tatizo hili ni kitu unachokiona lakini hakishikiki. Sakafu ya Revit huwa haishikiki ukibofya katikati, mpaka uwashe kule pembeni kulia chini ruhusa ya kuchagua kwa uso. Kuta zilizopangana juu ya mstari mmoja unazipitia kwa kitufe cha Tab. Ukiendelea kubonyeza Tab, Revit inashika mnyororo mzima wa kuta zilizoungana, na ukibofya hapo umezichagua zote.

Mapya ya miaka ya karibuni

Hapa napita haraka, kwa sababu mengi ni madeni yaliyolipwa kwa kuchelewa. Revit ilipata vichupo vya michoro mwaka wa toleo la 2019, kuta za kuinama 2021, na kutoa PDF yenyewe 2022; kabla ya hapo ulitafuta programu ya pembeni ya kuchapisha. ArchiCAD ilikuwa ikitoa PDF kwa mafungu miaka mingi kabla. Kwa upande wake, ArchiCAD ilisubiri mpaka toleo la 27 kupata njia rasmi ya kuweka machaguo mawili ya usanifu ndani ya faili moja, kitu ambacho watumiaji wa Revit walikuwa nacho zamani. Toleo la 26 liliiletea mafolda ya kupangia malighafi na leya, na aliyewahi kutafuta malighafi moja kwenye orodha ndefu isiyo na mwisho anajua thamani yake.

La maana zaidi kwa Revit ni ardhi. Toleo la 2024 liliondoa ile ardhi iliyokuwa ngozi tupu isiyo na unene, likaleta ardhi yenye ujazo, inayoweza kukatwa na kupewa tabaka kama sakafu. Anayechora majengo ya mteremkoni ana sababu ya kuhama toleo. Faili za zamani hubaki na ardhi yao ya kale mpaka uzigeuze mwenyewe. Toleo hilo hilo lilileta skrini nyeusi, na unaweza kutia giza menyu peke yake ukaacha eneo la kuchorea likiwa jeupe, chaguo ninalolipendekeza kwa anayechapisha kwenye karatasi.

SketchUp ya 2023 ilipata zana ya kupindua kitu kama kwenye kioo. Ndogo, lakini waliokuwa wakiandika kizidishio hasi kwa zana ya kubadilisha ukubwa walishukuru. FreeCAD ilifikia toleo la 1.0 Novemba 2024, na sehemu ya majengo ikawa ndani ya programu yenyewe badala ya kuongezwa pembeni. Naiona inafaa kwa mtu anayechora pia vyuma na vipuri. Kwa majengo pekee, Bonsai imekaa vizuri zaidi.

Uchukue ipi

Mfumo wa kompyuta unakata mengine mapema: Revit ni ya Windows tu. ArchiCAD na SketchUp zinakwenda Windows na Mac, Bonsai inakwenda hadi Linux. Umiliki unakata mengine: tangu 2016 Autodesk haiuzi leseni ya kudumu ya Revit, na SketchUp ilifuata njia ya kulipia kwa kipindi mwishoni mwa 2020.

Ukifanya kazi na wahandisi wa muundo na wa mabomba walioko kwenye Revit, ingia Revit na uvumilie kona zake. Kubadilishana IFC kila wiki na watu watatu kutakuchosha kuliko kuunganisha maumbo kwa mkono. Ukiwa msanifu unayemiliki mchoro wako kuanzia wazo hadi karatasi ya fundi, hasa kwa nyumba na majengo ya kati, ArchiCAD itakupa mikato safi kwa jasho dogo, mradi ujifunze leya zake mapema. SketchUp ni ya kumshawishi mteja na kufikiri kwa haraka. Kutoa seti nzima ya michoro ya ujenzi nayo kunawezekana, lakini nidhamu yote itatoka kwako, haitatoka kwa programu. Bonsai ni ya mvumilivu asiyetaka kulipa na asiyetaka faili yake ifungwe na kampuni yoyote. Menyu zake bado zinabadilika toleo hadi toleo, kwa hiyo somo la video la mwaka juzi linaweza kukuonyesha kitufe ambacho hakipo tena.

Kabla ya kulipia, usijaribu kwa kuchora nyumba nzima. Chora ile kona ya tofali na zege, nguzo moja ya duara, milango mitatu na jedwali lake, mkato mmoja, utoe PDF, kisha umtumie faili mtu utakayefanya naye kazi aifungue kwa toleo alilo nalo. Revit na ArchiCAD hutoa siku 30 za majaribio, zinatosha na kubaki. SketchUp hutoa chache zaidi, kwa hiyo andaa vipimo vyako kwanza ndipo uianzishe.